Mguu Niliouchua Kwa Mawese

Jamani, leo nimefungwa goli na mguu niliouchua mwenyewe asubuhi!

Hamisi ni straika wetu wa chuo, na tunalala chumba kimoja hosteli. Wiki nzima anachechemea.

"Kaka, enka imegoma."

Asubuhi nikapasha mawese, nikamchua. Hata chai nikampelekea kitandani. Kitandani!

Mastraika wengine wawili wanaumwa kweli, mmoja kafungwa hogo mpaka gotini. Basi mbele tukawapanga madogo wa mwaka wa kwanza. Walivyokuwa wanaotea, mshika kibendera alichoka mkono. Mmoja kapigiwa pasi safi, akaukwepa mpira akidhani si wake.

Mimi beki. Tukakaza, bila bila.

Kipindi cha pili wapinzani wetu, timu ya mtaani Kasingirima, wakaingiza mtu. Soksi yake nyeupe ina doa la rangi ya chungwa kwenye enka.

Doa la mawese.

Nikapandisha macho taratibu. Hamisi!

"We si mgonjwa?"

"Kaka, chuo nitamaliza. Kasingirima ndiyo kwetu."

Nimeduwaa hivyo hivyo, kanipita, kafunga. Mpira ukaisha moja bila. Akashangilia mbele yangu, tena kwa kuruka.

Sasa hivi kanitumia meseji. Samahani hamna, pole hamna:

"Kaka, sasa enka inauma kweli. Yale mawese yamebaki?"

Nyie mngempa?

Maana yamebaki. Na kinachoniuma kuliko lile goli, anajua nitampa.