Pilipili na Zabibu Zilizopanguswa

Jirani yangu tunamwita Pilipili, na jina hilo hakulipata jikoni. Ni ule mdomo wake. Tangu mumewe afariki, ameilea mizabibu peke yake: anapogoa, anafunga matawi kwenye waya, anafukuza ndege huku akiwatukana. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, anaitaka ile ardhi ajenge ghala. Mwaka huu kikao cha ukoo kikakata shauri: Pilipili akipata nafasi yoyote kwenye maonyesho ya kilimo, mizabibu ibaki, akikosa, ing'olewe.

Basi siku ya maonyesho alikuwa roho mkononi. Meza yangu ya maboga ilipakana na yake, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Vichala vyake alivichuma kwa kushika kikonyo tu, akavilaza kwenye sinia kama mtoto mchanga. Zabibu iliyoiva huwa na unga mweupe mwembamba juu ya ganda. Ukiugusa unatoka, na ukitoka haurudi. Jaji wa kwetu akikuta zabibu haina unga, hata haionji.

Pilipili alikuja na mamamkwe wake. Bibi yule hakuwa amekanyaga penye mizabibu tangu mwanawe aanguke humo na kukata roho. Hata tunda lenyewe hakutaka kuliona. Asubuhi hiyo alivaa, akasema, "Leo twende wote." Pilipili alifurahi mpaka akasahau kugomba.

Pilipili akaenda kuchukua namba ya meza, nami nikainama kupanga maboga yangu. Nilipoinua kichwa, bibi alikuwa anamalizia kichala cha mwisho. Alikuwa na kitambaa, anapangusa punje moja moja, taratibu, na zote zinameremeta.

"Zilijaa vumbi," akaniambia. "Mgeni hapewi tunda lenye vumbi."

Nilitaka kulia, nawaambieni.

Pilipili akarudi, shemeji yake nyuma yake. Akaliona sinia. Mdomo ukafunguka, nami nikajiandaa kwa moto. Bibi akamtazama akitabasamu, kitambaa bado mkononi, tabasamu ambalo hatukuwa tumeliona tangu mazishi. Mdomo ukafungika. Shamba lilikuwa mbali, na majaji walikuwa wameshafika meza yangu.

Maboga yangu waliyapita bila hata kuyagonga, wajinga wale, wakahamia kwake. Jaji mkuu akainama juu ya sinia.

"Nani kazipangusa hizi?" akauliza kwa sauti ya chini. Bibi hakusikia, masikio yake yanataka kelele.

Shemeji mtu akasogea karibu. Ukweli ungemwokoa Pilipili pale pale. Mwana gani angesimama mbele ya ukoo adai shamba kwa kosa la mama yake mzazi? Nikafungua kinywa niuseme mimi. Pilipili akanikanyaga mguu, na viatu vyake ni vya shambani.

"Mimi," akasema.

"Wewe? Mkulima mzima?"

"Nilitaka zing'ae."

Jaji akatikisa kichwa, akaifunika kadi yake bila kuandika alama, akapita.

"Shemeji, umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe," mdogo wa marehemu akasema. Hakuficha furaha yake. "Wiki ijayo naleta watu na majembe."

"Walete."

Akaondoka. Moyo wangu ulikuwa unachemka, na mguu unauma. Bibi akamvuta Pilipili mkono.

"Yule bwana kasema nini, mwanangu?"

Pilipili akamwinamia sikioni na kupaza sauti hadi watu wakageuka. "Kasema hajaona zabibu safi kama hizi, mama!"

Bibi akacheka. Akachuma punje moja, akaitazama kidogo, akaila. Akachuma nyingine.

"Kumbe mwanangu alipanda vitu vitamu hivi," akasema. "Mwakani sikai nyumbani. Nitakuja shambani, tuchume wote."

Pilipili akanitupia jicho la kunikataza hata kupumua.

"Karibu sana, mama," akasema.