Sufuria za Sekesai

Serikali imetamka kwamba uchumi umefufuka, kwamba dola zimerudi madukani pamoja na sukari, na kwamba ingawa mvua ya wilaya ya Chivi ilikatika Januari, hakuna kaya yenye shida itakayosahaulika. Wakaguzi watapita jiko kwa jiko kuorodhesha wanaostahili msaada wa chakula.

Ratidzo hakuwa na wasiwasi. Mahindi yake yalikaukia magotini na alikuwa na wajukuu wawili wa kulisha. Ushahidi wa shida ulimtosha.

Lililomkosesha usingizi ni Sekesai, mke wa mdogo wa mumewe. Miaka miwili iliyopita mwanawe aliyeko Johannesburg alimletea sufuria sita za kung'aa, naye alizipanga kwenye rafu ya udongo ya jikoni ambapo kila mgeni lazima azione. Tangu hapo Ratidzo aliingia jiko lile akitazama sakafu.

Jumatatu Sekesai alikuja amezibeba kichwani.

"Maiguru," alisema, akimwita kwa heshima ya mke wa kaka mkubwa, "nihifadhie siku tatu. Paa langu linavuja."

"Linavuja nini, na mvua hakuna?"

"Vumbi, Maiguru."

Swali la pili Ratidzo hakuliuliza. Alisiriba rafu yake kwa samadi mbichi, akazipanga sufuria kubwa kwa ndogo, kisha akaketi mlangoni ili apitaye asikose kuona. Chai yake ya siku hiyo ilikuwa maji ya moto, na aliinywa kwa raha.

Jumatano mkaguzi aliingia na daftari lake. Nyuma yake waliingia wanawake nusu ya kijiji, Sekesai akiwa mwisho kabisa, mikono imekunjwa.

"Mama, vyombo hivi ni vyako?"

Mwanamke mmoja alinong'ona, "Haa, atazitoa wapi huyu!"

Ratidzo aliusikia mnong'ono huo vizuri kuliko swali.

"Vya nani tena?" akasema. "Kwani mimi sina watu Johannesburg?"

Mkaguzi aliandika. Kwa Sekesai alikuta rafu tupu na chungu kimoja chenye ufa, akaandika pia.

"Pole, Maiguru," Sekesai alisema jioni akichukua sufuria zake. "Ungesema tu."

"Niseme mbele ya wale? Afadhali nife."

Kaya ya Ratidzo imeorodheshwa kuwa na chakula cha kutosha hadi Aprili. Ghalani mna debe moja na nusu la mtama, na huu ni mwezi wa Septemba.