Neno la Kula Masega

Enzi zetu pale Itigi, mtoto alijulikana kwa namna anavyokula kabla hajajulikana kwa jina. Kaka yangu alikuwa mfakamiaji: tonge la ugali wa uwele halijafika tumboni, lingine liko mdomoni na la tatu linaviringwa mkononi. Dada alikuwa mdokoaji. Akikaribia chungu, nyama zinapungua zenyewe. Babu, aliyekwisha agana na meno, alimung'unya karanga moja mpaka unasahau kwamba anakula. Mimi nilikuwa mtazamaji. Mama alinigombeza kila siku: "We mtoto, kula! Midomo ya watu haishibishi."

Ndiyo maana Mwalimu Eliza alininasa kwa siku moja tu. Tulikuwa darasa la tano, na yeye ndiye aliyetufundisha Kiingereza. Aliandika ubaoni maneno ya Kiingereza ya namna za kula, halafu akayaigiza yote. "Nibble," akawa panya anayeguguna hindi pembeni pembeni. "Gobble," akawa kaka yangu kabisa. Darasa zima likageuka kunitazama. "Slurp," akavuta uji usiokuwepo kwa sauti ambayo nyumbani ingetuletea kofi. Tulicheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani.

Mwisho wa kipindi akainua kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili, yenye jalada lililoshonwa kwa uzi mweusi. "Mpaka Ijumaa, atakayeniletea namna ya kula nisiyoweza kuitaja kwa neno moja la Kiingereza, hii ni yake."

Jamani, niliitaka ile kamusi kuliko gauni la sikukuu. Nyumbani kitabu kilikuwa kimoja, cha dini, na nilikuwa nimekisoma hadi jina la mpiga chapa.

Wiki nzima nikawa mpelelezi wa midomo. Treni ikipiga honi nilikimbilia stesheni na beseni la mayai ya kuchemsha, kazi niliyotumwa na mama, lakini macho yalikuwa madirishani. Abiria mmoja alishambulia mfupa wa kuku huku amefumba macho. Nikampelekea mwalimu habari zake. "Gnaw," akajibu bila hata kugeuka. Na mlenda je, unaovutika kama uzi mpaka uukate kwa kidole? Akafikiri kidogo. "Slurp."

"Madam, hiyo si ya uji?"

"Mlenda na uji ni ndugu. Kaa chini."

Alhamisi jioni baba akarudi kutoka kwenye mizinga yake porini na ndoo ya masega. Tukakaa kwenye mkeka, kila mtu na kipande chake. Nikawatazama. Unauma, unatafuna, unafyonza asali, unaendelea kutafuna hata utamu ukiisha, mwishowe unatema kidonge cha nta, na mama anakinga kiganja kukipokea. Niliruka kama niliyeumwa na nyuki.

Ijumaa nikasimama mbele ya darasa na bakuli. "Tafuna, madam."

Akatafuna. "Chew," akasema, shavu limevimba.

"Ukitafuna si unameza, madam? Umemeza?"

Akatikisa kichwa, asali ikimtiririka kidevuni. "Basi, suck."

"Mbona pipi hatutemi?"

Darasa likalipuka: "Apewe! Apewe!" Mwalimu Eliza akatema nta kiganjani, akaitazama kwa muda. "Hapa umenipata, mwanangu." Hakukasirika hata kidogo. Akaandika ndani ya jalada, kwa mwandiko wake wa kulala: *Kula masega: bado natafuta.* Akanikabidhi kamusi kwa mikono miwili, kama anavyokabidhiwa mtu mzima.

Shule niliiacha mwaka uliofuata. Mama alianza kuumwa, mayai yakahitaji mchuuzi, na kusema kweli miguu yangu ilikuwa imeshaanza safari. Nimepikia madereva wa malori Shelui, nimekaanga vitumbua mnadani Ikungi, na nimelala kwenye vyumba vingi nisivyovikumbuka, kamusi ikiwa chini ya nguo kwenye begi. Kila ninayemkuta anajua Kiingereza, namuuliza. Dereva mmoja msomi alinipa maneno matatu. Yote matatu yaliishia kumeza.

Mwezi uliopita nilirudi Itigi kwa kaka. Watoto wake wanakula macho yakiwa kwenye simu, mkono unapapasa sahani. Ukiondoa ugali ukaweka kandambili, wataichovya kwenye mchuzi na kuila. Nikamuuliza Baraka, mkubwa wao, lile neno. Akabonyeza mara mbili. "Rahisi, shangazi. Ni chew tu."

Nikampa kipande cha sega. Kwanza akakipiga picha. Kisha akatafuna, macho yakarudi kwenye simu. Nikasubiri, halafu nikakinga kiganja kama mama alivyokuwa akifanya.

"Unataka nini, shangazi?"

"Nta."

"Nta gani?"

Alikuwa amemeza yote. Tulicheka mpaka kaka akasimamisha tonge hewani, jambo ambalo sijaliona tangu tuzaliwe.

Enzi zetu jibu halikupatikana kwa kidole, lakini kila mtoto wa Itigi alijua wakati wa kutema. Usiku huo nilifungua kamusi. Uzi mweusi umebadilishwa mara nne, wino wa Mwalimu Eliza umefifia, ila bado unasomeka: *bado natafuta.* Nikachukua kalamu ya Baraka, nikaandika chini yake: *Na mimi.*