Redio Alikuwa Anasikia

Mume wangu mtaani walimwita Redio. Alikuwa dereva wa lori, na mdomo wake haukujua kufunga. Kwa mdomo huohuo aliniaga miaka sita iliyopita akahamia kwa mwanamke mwingine. Nyumba ninayokaa niliijenga mimi, kwa kufua nguo za watu, lakini hati ina jina lake. Sikusoma. Aliniambia ndivyo zinavyoandikwa, nikakubali.

Alipopata kiharusi, yule mwanamke alimshusha mlangoni kwangu na mfuko mmoja wa nguo. "Mzigo wako huu, dada," akasema, akaenda zake.

Miezi minane nimemlisha kwa kijiko na kumgeuza kama godoro. Akijaribu kusema hutoka mkoromo na mate. Kaka yake mkubwa alisema akili zimekwenda, nami nikaamini. Basi nikawa namsemesha ninapomwosha. Mzoga wee, si ungefia hukohuko! Nilimwambia hata siku ambazo nilichelewesha chakula chake makusudi. Tangu tuoane, ilikuwa mara ya kwanza mimi naongea, yeye kimya.

Kisha shemeji akataka karatasi ya hospitali ya kuonyesha kwamba ndugu yake hajielewi, ili yeye awe msemaji wake na nyumba iuzwe.

"Wewe hukosi pa kwenda, shemeji," alinifariji. "Una ndugu zako."

Tukaenda wote watatu. Chumba cha mtaalamu wa usemi kilikuwa kidogo, dirisha lake halifunguki. Mtaalamu mwenyewe ni binti ambaye ningeweza kumzaa.

"Baba, umeamkaje?"

"Hajambo, ila hakulala vizuri," nikajibu.

"Mama, nimemuuliza baba."

Shemeji akacheka. "Daktari, hilo gogo. Ukilisalimia, salimia na kiti."

Binti hakucheka. Alimmulika kinywani kwa tochi. Akamwambia atoe ulimi, ukaenda upande. Avimbishe mashavu, hewa ikavuja. Avute "aaa" huku yeye akitazama saa. Sauti ikakatika kwenye sekunde ya nne. Aseme pa-ta-ka upesi upesi. Ikatoka kitu kimoja kilichovurugika.

"Si nilisema?" shemeji akauliza.

"Bado."

Binti akakalia mikono yake asije akaashiria chochote. Akatuomba na sisi tusimtazame mgonjwa. "Baba, fumba macho. Ukifumbua, shika sikio, halafu nionyeshe mlango."

Mimi nilichungulia. Mume wangu alifumba macho, akafumbua. Akashika sikio. Kidole cha mkono wake mzima kikaelekea mlangoni.

"Kilichoharibika ni uwezo wa kuendesha misuli ya kusemea," binti akatueleza. "Ulimi, midomo, pumzi. Maneno yenyewe yamo kichwani, yote. Anaelewa kila kitu, na sioni dalili kwamba aliwahi kuacha kuelewa."

Nikatazama sakafu.

"Amebahatisha," shemeji akasema.

Binti akampa mume wangu ubao wa herufi. "Muulize unachotaka. Yeye ataonyesha, wewe utasoma."

"Nyumba ni ya nani?" Shemeji alipiga kelele kana kwamba anasema na kiziwi.

Kidole kikaanza kutembea. Kwangu mimi zile herufi ni madoa tu, kwa hiyo ilinibidi kungoja mdomo wa shemeji, na shemeji alisoma kipande kipande, sauti ikishuka.

"Ya... mke... wangu."

Nilitaka kupiga kigelegele. Lakini kidole hakikusimama.

"Ni... li... sikia. Nilisikia? Ulisikia nini, wewe?" Shemeji akainama tena. "A... si... ni... tupe."

Mume wangu hakuwa akitazama ubao. Alikuwa akinitazama mimi.

Karatasi iliandikwa: akili timamu. Shemeji aliondoka bila kuaga. Binti akanifundisha mazoezi: mara tatu kwa siku, uso kwa uso.

"Na uongee naye sana, mama. Inasaidia."

"Niongee nini?"

"Yaleyale mnayoongea nyumbani."

Alitia dole gumba, na nyumba sasa ina jina langu. Siwezi kumtoa, na akiwemo siwezi kusema. Namwosha kimya. Asubuhi, mchana na jioni naketi mbele yake, magoti yetu yakigusana, nasema "pa," naye ananikazia macho, anangoja nitamke jingine.