Nyangumi Hana Goti

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasugua matumbo ya meli. Usicheke. Meli ikikaa sana majini huota magamba na majani, ikaanza kujikokota kama mimi asubuhi. Ndipo Chura hushuka na mtungi wake wa hewa akaikwangua. Jina la Chura nilimpa mimi, na kuogelea nilimfundisha mimi. Mama yake anasema nilimsukuma tu bwawani. Wivu huo.

Mwaka jana goti lake lilimgomea. Kila akipiga mateke majini, linachoma. Msimamizi wake, mtu mpole, akamwambia, "Dada, likiendelea hivi nitakuweka ofisini."

Chura, ofisini! Akaja kwangu macho mekundu, amekumbatia boksi. Ndani mna mapezi mapya, yale mabapa ya mpira ya kuvaa miguuni, yamepasuliwa katikati kama mkia. Juu pana picha ya nyangumi na maneno: "Asili imeshakufanyia kazi. Ogelea kwa kasi ya nyangumi."

"Nyangumi yupi aliyeulizwa?" nikasema.

"Mjomba, usianze."

"Simwamini mtu anayemsemea samaki."

"Nyangumi si samaki."

"Ndiyo maana hajibu."

Akacheka. Nikajua bado mzima.

Shule niliiacha ikiwa bado inanihitaji, ila kupima najua. Tukaenda bwawani asubuhi, hakuna watu. Nikamfunga kamba kiunoni, mwisho wa kamba nikatia mizani ya kuning'iniza niliyoazima kwa muuza samaki, nikaishikilia ukingoni. Apige mateke, nisome anavuta kilo ngapi. Kwa kuwa goti lake halikunjiki vizuri, nilipiga magoti mimi, na kitambi changu hiki, nikamfunga mikanda ya mapezi kama nilivyokuwa nikimfunga viatu vya shule.

Mapezi yake ya zamani nusura yanitose majini. Ya nyangumi yalivuta, lakini mshale wa mizani haukufika hata karibu na hapo. Tukarudia, tukibadilisha yapi yatangulie, nisije nikamsingizia nyangumi kumbe ni uchovu. Yaleyale.

Akashika ukingo. "Sema tu, mjomba."

"Nyangumi kashindwa na mpira mkuukuu."

Midomo ikaanza kumtetemeka. Nikatafuta utani, sikuupata, na mimi si mtu wa kuishiwa. Nikauliza tu, "Na goti?"

Akalitazama goti. Muda wote alikuwa ameng'ata meno, akiwazia mizani tu. Akapiga teke taratibu, akapiga jingine. Akavaa ya zamani, akakunja uso papo hapo. Akarudia mapya.

"Haya hayanichomi. Ni laini. Ndiyo maana hayavuti."

"Boksi halikusema hivyo."

"Lingejuaje? Nyangumi hana goti."

Akamweleza msimamizi ukweli wote: hana kasi ya nyangumi wala ya kobe, ila anaweza kufanya kazi. Yule bwana akampa meli za ndani ya bandari, ambako maji hayana mkondo mkali.

Juzi nilimsindikiza gatini. Nikapiga magoti kama kawaida, nikashika mkanda. Akainama, goti limekunjika vizuri kabisa.

"Acha, mjomba. Nitafunga mwenyewe."

Nikabaki palepale chini, najifanya natafuta kitu. Ukweli, kuinuka kulinishinda. Akafunga mikanda yake yote miwili, kisha akaninyooshea mkono.

"Haya, nyangumi wangu," akasema, "simama."