Ripoti ya Bosi

Binti yangu hufanyia kazi nyumbani, kwenye meza ya chakula. Anatunza hifadhidata ya hospitali, kompyuta kuu yenye kumbukumbu za wagonjwa wote. Leo muda wake wa majaribio kazini ulikuwa unakwisha: ama aajiriwe, ama aondoke. Mimi nilikuwa nachambua mchele, jicho kwake.

Simu ikaita, ni bosi wake, akaiweka sauti kubwa. Kompyuta imekuwa nzito, wagonjwa wamejaa dirishani, kadi zao hazifunguki.

“We binti,” bosi akasema, “unatafuta tatizo au unasuka nywele?” Nyuma yake watu wakacheka. Alikuwa na wageni.

“Natafuta, bosi.”

Kwenye kioo cha kompyuta yake, mstari wa prosesa, unaoonyesha kompyuta kuu inavyolemewa, ulikuwa umepanda mpaka juu kabisa ukaganda huko. Nikamwona anauma kucha, tabia aliyoiacha utotoni. Akaangalia kwanza kazi za kompyuta yenyewe, hamna kitu. Akafungua orodha ya maswali ambayo hifadhidata ilikuwa ikiulizwa wakati ule. Swali moja lilijirudia ukurasa mzima: wagonjwa wote tangu hospitali ifunguliwe. Yote yalitoka kompyuta moja.

“Ya nani?” nikanong'ona.

Akaisogelea simu. “Bosi, ni ripoti yako. Ikichelewa unabonyeza tena, na kila ukibonyeza linaanza swali jipya, la zamani nalo bado linaendelea. Ngoja niyazime.”

Akayazima. Mstari ukaporomoka. Lakini kwenye simu hakuna aliyecheka tena.

“Kwa hiyo ugonjwa ni mimi?” bosi akasema taratibu. “Mbele ya wageni wangu?” Akakata.

Nikammiminia chai. Kabla hajaigusa, hifadhidata ikamtoa nje. Akaandika nywila, ikakataa. Akaandika tena, herufi moja moja. Ikakataa.

Simu ikaita. Mwenzake wa ofisini. “Dada, imepanda tena. Bosi kabonyeza ile ripoti.”

“Nimefungiwa, kaka.”

“Najua. Mimi ndiye nimeambiwa nikufungie. Nielekeze basi, nakuomba, kanisimamia kichwani hapa.”

Nikamtikisia kichwa: mwache azame. Akafumba macho.

“Fungua orodha. Tafuta lile swali refu. Si hilo, kaka, la chini yake. Zima.” Sauti laini, kama anambembeleza mtoto.

“Imeshuka! Asante, dada.”

Kisha tukamsikia bosi: “Umeona? Hata wewe unaweza. Mwambie kitambulisho cha kazi aje akirudishe getini.”

“Dada, umesikia?”

“Nimesikia, kaka.” Na kwa kuwa nilimfunza adabu, akamuaga kabla ya kukata.