Dashibodi Niliyoipaka Mafuta ya Nazi

Najiona mjanja wa Bagamoyo nzima, basi uoneni ujanja wenyewe. Juzi Bi Mwanaidi wa Kerege, mama wa heshima zake, alikuja kulikagua gari langu alinunue. Dashibodi ilikuwa imefubaa kwa jua. Jana yake nilikuwa nimebishania bei ya dawa ya kung'arishia mpaka mwenye duka akairudisha chupa rafuni, nami nikaondoka nikimcheka. Jikoni kwangu si kuna mafuta ya nazi aliyopika mke wangu, yakiwa bado na machicha yake ndani? Yakining'arisha mimi, yatashindwa na plastiki? Nikapaka hadi ndani ya matundu ya hewa, nikaliacha gari chini ya mkorosho mpaka asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaichungulia dashibodi kwa mbali kupitia dirishani. "Mh, yang'aa kweli!"

Kichwa kikanivimba. "Washa feni, mama, uone ubaridi wake."

Akaingia, akawasha. Matundu yakamtemea sisimizi kwenye mtandio wake mweupe. Wengine walikuwa wamenata kwenye dashibodi kama ufuta juu ya mkate. Akaigusa, akanusa kidole, akanitazama.

"Mwanangu, gari hili unaliuza au unalikaanga?"